Seti ya kuoteshea mwani kwenye maji ya bioslari: mbegu ni nzima, kijitabu ndio tatizo

Hii seti wanaiuza mtandaoni, unalipa kwa simu alafu wanakutumia kwa basi, mzigo wangu niliupokelea Usa River. Ndani kuna chupa mbili za lita moja moja za mbegu, yaani mwani hai mdogo mdogo wa kuanzishia, moja ya spirulina na nyingine ya klorela, ambazo ni aina mbili za mwani, kuna kitambaa cha kuchujia chenye matundu ya mikroni 50 (mikroni elfu moja ndio milimita moja), pampu ndogo ya hewa na mpira wake, karatasi za kupimia pH (kipimo cha uchachu na umagadi wa maji, 7 ni katikati na juu yake ni magadi), paketi ya baikabonati na chumvi, kijiti chenye kisahani cheupe mwishoni, na kijitabu cha kurasa chache. Ukijumlisha na nauli ya mzigo ilinitoka karibu laki mbili. Simtaji muuzaji, maana wapo kadhaa wanaouza kitu kinachofanana na hiki na naona maelekezo wanakopiana, kwa hiyo haya ninayoandika yatamfaa hata atakayenunua kwa mwingine.

Kwanza niseme kwanini niliitaka. Nafuga ng'ombe wa maziwa wa ndani, nina mtambo wa biogesi wa kuba, ule unaojengwa chini ya ardhi, na bwawa la sato. Bioslari, yaani ile samadi ya majimaji inayotoka kwenye mtambo baada ya gesi, naipeleka kwenye migomba na kwenye majani ya malisho lakini haiishi, na mvua ikinyesha yale maji yake yanatafuta njia kwenda kwenye mfereji, na huo mfereji watu wa chini wanachota maji ya kufulia na ng'ombe wao wanakunywa. Hilo linanikera sana. Kwa hiyo niliposikia unaweza kuyapitisha yale maji kwenye mwani kwanza, mwani ukala ile naitrojeni na fosforasi iliyobaki, alafu samaki wakala mwani, nikasema hiki ndicho nilichokua natafuta. Chakula cha samaki nacho kinatumaliza jamani, kila mfugaji anajua.

Na wazo lenyewe sio la jana wala sio la matapeli. Profesa William Oswald wa chuo kikuu cha California pale Berkeley tangu miaka ya 1950 alishaeleza kwamba kwenye bwawa la majitaka bakteria na mwani wanalishana: bakteria wanavunja uchafu wanatoa kabonidioksaidi, mwani unaichukua kwa nguvu ya jua unatoa oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji waendelee kuvunja uchafu, na wakati huo huo mwani unajijenga kwa naitrojeni na fosforasi ya humo humo. Akatengeneza bwawa la kina kifupi, kama sentimita 30, maji yanazungushwa taratibu na gurudumu la makasia. Kule Chiclana, kusini mwa Hispania, mradi unaitwa All-gas ulikuza mwani kwenye majitaka ya mji mpaka wakatoa gesi ya kuendeshea magari. Na ule ukijani unaouona kwenye mabwawa ya majitaka ya Dandora, Nairobi, ni mwani wa jamii hii hii, tofauti ni kwamba pale hakuna anayeuvuna.

Sasa tuje kwenye seti.

Mbegu nawapa alama zote. Chupa zilifika zina joto la safarini lakini spirulina ilikua na rangi yake ile ya kijani inayoelekea bluu, harufu yake ni kama majani mabichi, hakuna uvundo. Nilipeleka tone moja kwa kijana wa maabara ya jirani akaniwekea kwenye hadubini, ukiangalia unaona nyuzi zimejisokota zinajisogeza taratibu, na hapakua na wadudu wengine. Klorela ni vidoa vidogo vya duara, vingi mno, navyo vilikua safi. Kwa mtu anayeanza hii ndio sehemu ngumu kuipata, mbegu safi, na hapa hawakubahatisha. Mbegu ukishakua nayo unaizalisha mwenyewe, huna haja ya kununua tena labda ikufie.

Tatizo ni kijitabu. Kijitabu kinasema, kwa mbegu zote mbili bila kutofautisha, tengeneza maji ya baikabonati, weka mbegu, maji yakishakua ya kijani ongeza bioslari kikombe kimoja kwa kila ndoo. Hapo ndipo wanapowaulia watu mbegu.

Spirulina inapenda maji ya magadi. Kwao asili ni kwenye maziwa kama Natron, Bogoria na Nakuru, ndiyo chakula cha wale flamingo wadogo, na kule Chad akina mama wa Kanem wanaivuna kwenye madimbwi ya magadi wanaianika wanapata vipande wanaviita dihe, wanapikia mchuzi. Kwa hiyo bwawa lake unaliweka kwenye pH ya kama 9.5 hadi 10.5, ambapo mwani mwingine mwingi hauwezi kuishi, na hiyo ndiyo kinga yake. Lakini bioslari imejaa amonia. Amonia kwenye maji ina sura mbili, kuna ile iliyofungwa ambayo mwani unaila vizuri tu, na kuna ile huru ambayo ni gesi na ni sumu kwa mwani na kwa samaki pia. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH. Kwenye pH 7 ile huru haifiki hata asilimia moja, kwenye 9.25 na joto la nyuzi 25 ni nusu kwa nusu, ukifika 10 ni zaidi ya asilimia 80. Sasa wewe chukua bioslari mbichi mimina kwenye maji ya pH 10, umetengeneza sumu mwenyewe kwa mkono wako na kijitabu ndicho kilichokuelekeza.

Nilifuata maelekezo yao kwenye karai moja na jingine nikaliacha bila bioslari ili nilinganishe. Kwenye lile la bioslari harufu ilipanda pale pale, ile kali ya banda la kuku lililofungiwa, macho yanawasha. Kesho yake jioni ile bluu imeondoka, imebaki njano iliyopauka, na nyuzi zimeshuka chini zimekua kama ute. Karai la pili liko vile vile linang'aa. Huo ulikua ni ushahidi wa kutosha kwangu.

Klorela ndiyo rafiki wa bioslari, na hapa seti inafanya kazi vizuri sana ukiachana na kijitabu. Klorela haitaki magadi, inakaa kwenye pH ya 7 na kidogo juu yake, inavumilia baridi yetu ya Meru ya mwezi wa sita na wa saba wakati spirulina inasinzia kabisa chini ya nyuzi 20. Ila bioslari usiiweke ilivyo. Ni nyeusi, jua halipiti, na mwani bila jua haukui hata ukiupa mbolea ya dunia nzima. Mimi naacha itulie kwenye ndoo mpaka tope lishuke, nachuja yale maji ya juu kwa kitambaa cha kawaida, alafu nachanganya sehemu moja kwa sehemu ishirini za maji. Watafiti waliojaribu klorela kwenye samadi ya ng'ombe iliyotoka kwenye mtambo wameipunguza mara 10 hadi 25, kwa hiyo ishirini iko ndani, na kwangu ukianza na kumi inachelewa kushika. Rangi ikiwa kama chai ya rangi nyepesi upo sawa. Baada ya siku chache inaanza kugeuka, asubuhi unaona kaukijani kwa mbali, alafu ghafla bwawa zima linakua la kijani kibichi na ile harufu ya bioslari inapotea, kwa kweli ukisogeza pua hapo unajiuliza harufu imeenda wapi. Hiki kitu kinafurahisha na nawaambia kwa moyo wote kinafanya kazi.

Kijitabu pia kinashauri utumie pipa la lita 200 au simtanki. Hapana. Mwani ukishakolea jua linapenya sentimita chache tu, kilichobaki chini kinakaa gizani kinatumia nguvu bila kuzalisha. Chimba kina kifupi, sentimita 20 hadi 30, tandika nailoni nzito au turubai lisilovuja, la kwangu ni mita mbili kwa tano na linatosha nyuma ya banda. Na liwe linakorogwa. Pampu ya kwenye seti ni ya tangi la samaki la nyumbani, inafaa kutunza mbegu kwenye ndoo, kwa bwawa la ukubwa huo haisaidii kitu, watoto wakitoka shule wanakoroga kwa fagio mara chache kwa siku na inatosha. Funika kwa chandarua, vinginevyo mbu wanataga, na kuna vidudu vidogo vinavyokula klorela, vikiingia maji yanageuka kutoka kijani kwenda kahawia ndani ya siku mbili tatu na hapo unaanza upya, ndio maana kila wakati naweka akiba ya mbegu kwenye chupa dirishani.

Kitambaa cha mikroni 50. Jamani. Nyuzi za spirulina ni ndefu, zinanasa kwenye kitambaa, unamimina maji unabaki na uji wa kijani mzito unaukamua, unaukandamiza kwenye chekecheo unaanika, hapo sina lawama, kitambaa kimeshonwa vizuri na hakijachanika mpaka saivi. Lakini klorela moja ina mikroni 2 hadi 10. Itapita kwenye hicho kitambaa kama hakipo. Na wao wameandika kwenye tangazo kwamba kitambaa ni cha kuvunia aina zote mbili. Hii sio bahati mbaya ya uandishi, mtu anayeuza klorela lazima anajua, maana kuivuna klorela ndiyo shida inayowasumbua hata wenye mabwawa makubwa duniani, lita moja ya maji ya bwawa ina nusu gramu ya mwani hivi, wakati mwingine chini ya hapo, kuitenganisha na hiyo lita kunakula sehemu kubwa ya gharama. Wenye hela wanatumia mashine za kuzungusha kwa kasi. Sisi tutumie mbegu za mlonge.

Mlonge unafanya kazi. Zile zile mbegu ambazo bibi zetu walikua wanatwanga kusafishia maji ya tope. Unamenya, unatwanga unga laini, unaukoroga kwenye kikombe cha maji safi, unachuja, unamimina kwenye ndoo ya klorela unakoroga haraka kidogo alafu polepole, unaacha. Mwanzo huoni kitu. Alafu unaanza kuona chembe chembe zinashikana, kama maziwa yanayoganda, zinashuka, na kufikia mchana juu kuna maji karibu meupe na chini kuna tabaka la kijani kama vidole viwili. Unamimina maji ya juu taratibu kwenye bustani na unabaki na mwani. Hii ingepaswa kua kwenye kijitabu, ukurasa wa kwanza, badala ya picha za watu wa nje wamevaa makoti meupe.

Au usivune kabisa. Sato anakula mwani wa kwenye maji moja kwa moja, ameumbwa hivyo, kwa hiyo mimi klorela nyingi naipeleka bwawani ikiwa na maji yake. Angalizo mbili hapa, na tafadhali usiziruke. Moja, peleka asubuhi jua likishatoka na sio mchana, maana mchana mwani ukifanya kazi pH inapanda na kama kuna amonia imebaki itageuka ile mbaya. Mbili, peleka kidogo kidogo, mwani mchana unatoa oksijeni lakini usiku unaitumia, bwawa likikolea kijani kupita kiasi utakuta alfajiri samaki wamekuja juu wanahema, na hapo unaweza kupoteza wote.

Sasa kwenye hesabu, maana tangazo lao linasema utaachana na chakula cha dukani. Huwezi. Mabwawa ya wazi yanayotunzwa vizuri duniani yanatoa kama gramu 10 hadi 20 za mwani mkavu kwa mita moja ya mraba kwa siku. Bwawa la mita kumi za mraba likienda vizuri kabisa ni gramu 100 hadi 200 kwa siku. Ukiwa na sato 500 wa gramu 200 hao ni kilo 100, wanakula kama asilimia 3 ya uzito wao, yaani kilo 3 kwa siku. Umeona pengo? Mwani ni nyongeza, nyongeza nzuri sana yenye protini inayofika nusu ya uzito wake ukikauka au zaidi, ila ni nyongeza. Ingawa ukiangalia ardhi ndio utashangaa, gramu 10 kwa mita kwa siku ukizidisha kwa mwaka ni tani 36 kwa hekta, soya tukipata tani mbili au tatu kwa hekta tunachinja mbuzi, na hapa mbolea ni maji ambayo yangeharibu mfereji wa watu. Kwa hiyo wazo ni kubwa, ila anayekuuzia chupa mbili asikwambie utafunga akaunti ya duka la chakula cha samaki.

Kuhusu kula binadamu niwe mkali kidogo. Kwenye kijitabu kuna ukurasa wa juisi ya spirulina na ndizi, na kurasa mbili nyuma wamekwambia umimine bioslari. Msile mwani uliokua kwenye maji ya samadi, wala msimpe mtoto, hata mkianika. Kuna vimelea vya kwenye kinyesi, na kama ni majitaka ya mjini yaliyochanganyika na ya viwandani mwani unanyonya na metali nzito humo unazitunza mwilini mwake. Spirulina ya kula inakuzwa kwenye maji safi na virutubisho safi vya kupimwa. Mimi karai langu la spirulina naliendesha kwa baikabonati, chumvi na mbolea ya NPK kidogo, halijawahi tena kuguswa na bioslari, na hata hivyo nawapa kuku tu, kiini cha yai kimekua cha rangi ya machungwa iliyokolea mpaka wateja wangu wa mayai wanauliza kuku hawa wanakula nini.

Vidogo vidogo vilivyobaki. Karatasi za pH ni zile za 1 hadi 14, rangi ya 9 na ya 10 zinafanana sana na ukichovya kwenye maji ya kijani ndio huoni kabisa, nunua kakipimo ka dijitali au angalau karatasi za kipimo chembamba. Kijiti cha kisahani cheupe ni kizuri, unakizamisha kwenye spirulina, kikipotea kabla ya sentimita tatu hivi ujue ni wakati wa kuvuna, rahisi na hakihitaji betri. Baikabonati waliyoweka ni kidogo mno, inatosha ndoo moja tu, nyingine utanunua dukani kwa jumla ile ya waoka mikate.

Huduma kwa mteja naipa wastani mzuri. Nilipowatumia picha ya lile karai la njano walijibu siku hiyo hiyo na wakanitumia chupa nyingine ya spirulina bila malipo, nililipia nauli tu. Nilipowaeleza habari ya amonia na pH walisema watalifanyia kazi, ila jirani yangu ameagiza juzi na kijitabu alicholetewa ni kile kile, kikombe kimoja kwa kila ndoo, na juisi ya ndizi bado ipo.

Nyota tatu kati ya tano. Kama una biogesi au bwawa la samaki lenye maji unayomwaga, nunua, lakini waombe klorela peke yake, nimewauliza wanauza chupa moja moja na bei inashuka zaidi ya nusu, hela inayobaki nunua nailoni na mbegu za mlonge. Kama huna maji ya samadi na unataka spirulina ya kuku, chukua chupa ya spirulina na kitambaa. Seti nzima kwa bei hiyo, mpaka wabadilishe kijitabu, siwezi kumshauri mtu.